Ombi la Kuachiwa Kosa Langu la Nyuzi Kumi na Nne

Idara ya Mbegu,
Chumba namba 9 (mlango unaofuata stoo ya viti vibovu),
Jumatano.

Kwa Mhariri Mkuu,
Jarida la Mbegu na Hifadhi.

Ndugu Mhariri,

YAHUSU: MAKALA YANGU ISISAHIHISHWE

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wasaidizi wako wote, na kwamba ile mashine yenu ya kuchapia imeacha kumeza karatasi. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo sina hakika nayo tangu Ijumaa, nilipopokea barua yako ya mistari minne inayosema kwamba katika toleo lijalo mtachapisha sahihisho la makala yangu, "Joto Bora la Kukaushia Mbegu za Maharage", kwa kuwa imethibitika kwamba nyuzi joto zilizotajwa humo zimezidi kwa kumi na nne.

Sibishi kuhusu hizo kumi na nne. Naomba hilo lieleweke mapema tusije tukapotezeana muda. Ninachobishia ni hii tabia ya kusahihisha.

Kwa kuwa utaniuliza ilikuwaje, nitakueleza. Tunaye fundi wa maabara, mama mmoja mtulivu tunayemwita Mama Vipimo, maana hawezi kupita karibu na rula bila kuhakikisha kama imenyooka. Mwezi uliopita alikuwa anafuta vumbi kwenye tanuri letu la kukaushia, waya ukiwa umechomolewa ukutani tangu wiki iliyotangulia. Akaona mshale wa joto umesimama kwenye thelathini na nane. Chumbani kulikuwa nyuzi ishirini na nne. Akaniita, akasema, "Mwalimu, hili tanuri lina homa." Mimi nikacheka, yeye hakucheka. Mshale huo nimeuona kwenye thelathini na nane kila asubuhi kwa miaka tisa, na siku zote nilidhani ni tanuri linachelewa kupoa. Hata kwenye makala nimeandika wazi: "Tanuri lilianza likiwa na nyuzi 38." Wahakiki wenu wawili waliisoma sentensi hiyo wakaipitisha. Mmoja aliniomba nipunguze koma.

Basi nilipoandika kwamba mbegu za maharage zikaushwe kwa nyuzi 52, mbegu zangu zilikuwa zinakaushwa kwa 38. Mtu akizikausha kwa 52 za kweli huyo hakaushi, anapika. Hayo nimeyakubali mbele ya Mama Vipimo na nayakubali mbele yako. Sasa naomba unisikilize malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Sahihisho limechagua siku mbaya. Kamati ya Kupandisha Vyeo inakaa Jumanne ijayo. Nimekuwa mhadhiri mwandamizi kwa miaka kumi na minne, na katika muda huo nimeona watu niliowafundisha kushika koleo wakiwa maprofesa na kunipita kwenye korido wakiangalia saa. Fomu ya Kamati ina kisanduku kimoja kikubwa kuliko vingine: "Idadi ya mara ambazo kazi za mwombaji zimetajwa na watafiti wengine." Makala yangu hiyo moja, iliyotoka mwaka juzi tu, imetajwa mara 318. Hakuna mtu idarani anayenigusa. Mwenyekiti wa Kamati alinishika mkono mbele ya watu kwenye ngazi na kusema, "Wewe sasa ni wa kimataifa." Mke wangu ameshapima madirisha ya ofisi nitakayohamia, kwa ajili ya mapazia. Ukichapisha sahihisho lako wiki hii, unataka nimwambie nini?

2. Kisanduku hicho hakiulizi kama nilitajwa kwa wema. Nimelifanyia utafiti jambo hili kwa msaada wa mkutubi wetu, mtu makini sana ingawa ana tabia ya kumalizia sentensi za wenzake. Elimu yenyewe inaitwa bibliometria, yaani kupima kazi za wasomi kwa kuhesabu maandishi yao na jinsi yanavyotajana. Karibu miaka mia moja iliyopita, wakemia wawili wa chuo kidogo walikuwa na shida ya rafu: majarida ni mengi, nafasi ni finyu. Wakachukua jarida moja kubwa la kemia, wakahesabu ni majarida gani yanatajwa zaidi kwenye orodha za marejeo, wakapata orodha ya majarida ya kununua. Basi, kazi ikaishia hapo. Miongo mitatu hivi baadaye bwana mmoja akaona kwamba wanasheria wana kitabu kinachowaonyesha kila hukumu ya zamani imetajwa na hukumu zipi za baadaye, na kama bado ina nguvu au imetenguliwa. Akasema sayansi nayo ipate kitabu chake. Mkutubi anadai kwamba moja ya shabaha za bwana huyo ilikuwa msomi aweze kujua kama makala anayotaka kuitegemea imeshapingwa. Sehemu hiyo sikuipenda, na nimemwomba mkutubi asiirudierudie mbele ya watu.

Muhimu ni kwamba kitabu kikawa mashine, mashine ikaanza kutoa namba, majarida yakapangwa kwa wastani wa kutajwa, na mwisho watu nao wakapangwa. Kilichoanza kwa kuchagua jarida la kuweka kwenye rafu sasa kinachagua nani akae kwenye kiti chenye mikono. Na namba haina sura. Kati ya hao 318, wapatao arobaini wamenitaja ili kusema kwamba walijaribu nyuzi 52 wakapata mbegu mfu. Mmoja ameandika, "Matokeo haya yametuacha midomo wazi." Nikahesabiwa. Mwingine ameniita mzembe, kwa lugha ya kisomi lakini nimeelewa. Nikahesabiwa. Ndipo nilipofahamu kwamba kosa langu ndilo linalonilisha. Kama ningeandika nyuzi 38, jambo ambalo kila mkausha mbegu analijua, nani angehangaika kunitaja?

3. Mnasema sahihisho ni kwa ajili ya wasomaji. Wasomaji gani? Mkutubi na mimi tulikaa siku mbili tukipitia wote waliotaja makala yangu. Makala inaanzia ukurasa wa 117. Watu 204 wameandika kwamba inaanzia ukurasa wa 711. Ndugu Mhariri, jarida lako halijawahi kufika hata ukurasa wa mia tatu. Mtu wa kwanza aliteleza, wengine wakanakili orodha yake kama wanafunzi wanaonakili hesabu pamoja na jina la mwenye daftari. Mkutubi alivua miwani, akaifuta, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hivi kuna mtu yeyote unayemjua aliyeisoma hii kitu mwanzo hadi mwisho?"

Nilimjibu kwa fahari kwamba yupo. Ni shangazi yangu, aliyenilea. Nilimpa nakala ya jarida lilipotoka, na ameifunika kwa nailoni asije akaichafua kwa mikono ya shamba. Anaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na maneno magumu ameyapigia mstari ili aniulize nikienda. Nilimpelekea pia kipimajoto kizuri cha maabara, kilichopimwa na Mama Vipimo mwenyewe, na fundi bati wa mtaani kwao akamtengenezea kabati la kukaushia. Wiki hii amenipigia simu mara tano. Sijapokea, maana najua anataka habari za uprofesa, na mimi kumdanganya shangazi siwezi. Nasema haya ili uone kwamba ninao wasomaji, tena waaminifu, na hakuna aliyelalamika.

4. Mnataka watu wawe sahihi, lakini mmeona wanavyofanywa? Chumba namba 8 yupo mzee wetu tunayemwita Mzee wa Ukungu. Kwa miaka thelathini amechunguza ukungu unaoharibu mbegu ghalani. Alichogundua ni kweli tupu: mbegu zianikwe juani kwenye turubai, zigeuzwe, zisiwekwe ghalani mpaka ziking'atwa zilie. Hakuna anayehifadhi maharage siku hizi bila kufuata maneno yake, na hakuna anayejua kwamba ni yake. Ametajwa mara tisa. Kamati imemrudisha mara tatu. Mwaka jana nilimpa pole, akanijibu huku anakoroga chai kwa penseli, "Kitu kikishakuwa kweli, nani atakitaja? Umewahi kuona mtu anamtaja aliyesema maji yanalowesha?" Sasa unataka na mimi niwe hivyo? Nikae chumba namba 9 nikikoroga chai kwa penseli?

5. Wewe mwenyewe, Ndugu Mhariri, mikono yako si mikavu. Nina barua yako ya mwaka juzi, uliyowaandikia waandishi wote, ukitushauri "kuongeza marejeo yasiyopungua matatu kutoka katika jarida hili ili kuimarisha hoja". Hoja yangu haikuwa dhaifu, lakini nilikuongezea manne. Mkutubi amepiga hesabu: katika kila mara kumi ambazo jarida lako limetajwa mwaka huu, sita ni kwa ajili ya tanuri letu lenye homa. Mlipofanya sherehe ya jarida kupanda daraja, keki mliikata kwa kisu changu. Sisemi kwamba nakutisha. Nasema tu kwamba ukining'oa mimi, paa litakalovuja ni lako.

6. Hili ni dogo lakini linaniuma. Fomu ina kisanduku kingine, cha namba iliyobuniwa na mwanafizikia mmoja miaka ishirini hivi iliyopita. Ukiwa na makala tano ambazo kila moja imetajwa angalau mara tano, namba yako ni tano. Ukiwa na kumi zilizotajwa angalau mara kumi, ni kumi. Ubunifu mzuri kwa watu wenye makala nyingi. Mimi ninazo kumi. Moja imetajwa mara 318, ya pili imetajwa mara mbili, zilizobaki mara moja moja au hazijatajwa kabisa. Kwa hiyo namba yangu ni mbili, na ile makala ya pili aliyeitaja mara zote mbili ni mimi. Unaona mwenyewe kwamba sina pa kukimbilia nje ya lile kosa.

Kutokana na hayo, naleta maombi yafuatayo kwa unyenyekevu mkubwa:

(a) Sahihisho lisubiri hadi Jumatano, siku moja baada ya Kamati kukaa.

(b) Kwa kuwa makala imeshakaa miaka miwili bila kusahihishwa na dunia haijasimama, sahihisho lisubiri hadi nitakapostaafu. Imebaki miaka kumi na mmoja tu.

(c) Badala ya sahihisho, jarida lialike makala za kunipinga, moja kila toleo. Nitazijibu zote. Wao watanitaja, mimi nitawataja, wewe utatuchapisha sote, na kufumba na kufumbua tutakuwa maprofesa watupu bila mtu kulowesha hata mbegu moja.

(d) Kila idara ipewe angalau kosa moja lililothibitishwa, litunzwe, liwe na mlinzi wake. Letu liwe ni tanuri. Lisitengenezwe. Mama Vipimo, ambaye namheshimu kama dada yangu, ahamishiwe Idara ya Falsafa, ambako hakuna kitu cha kupima.

(e) Watumishi wanaobainika kuwa sahihi mfululizo wapewe onyo la kwanza kwa maandishi, kwa kuwa wanarudisha nyuma takwimu za chuo. Onyo la Mzee wa Ukungu niko tayari kumpelekea mwenyewe; mlango wake ni wa pili tu kutoka kwangu.

Nimeandika kwa uchungu lakini bila chuki. Nasubiri jibu lako kabla ya Jumanne, tena liwe refu kuliko lile la mistari minne. Nisalimie msaidizi wako wa meza ya mbele, ambaye siku zote hunijibu vizuri kwenye simu. Nisalimie wachapaji, wahakiki wote wawili pamoja na yule wa koma, na familia yako nyumbani. Mkutubi anawasalimu pia, ingawa hajui ninawaandikia nini.

Wako katika kuitetea elimu,

Mhadhiri Mwandamizi, Idara ya Mbegu
(Mtafiti wa Kimataifa)

Baada ya sahihi. Alhamisi mchana.

Bahasha ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua kwa kisu cha siagi. Shangazi alichoka na simu yangu akapiga ya mke wangu, na mke wangu akanipa bila kuniambia ni nani.

Hakuniuliza habari za uprofesa. Alisema, "Baba, nisamehe nakusumbua, najua una kazi nyingi. Mbegu nimezikausha kama ulivyoandika. Kipimajoto chako nilikilinda hapo hapo, hamsini na mbili, hakikupanda wala kushuka. Nimepanda mistari ishirini. Zimeota kumi na saba." Nikamwambia mistari kumi na saba si mibaya. Akasema, "Si mistari, baba. Mbegu. Kumi na saba. Nimezihesabu mara mbili. Sasa nimerudia kusoma ule ukurasa wa nne, nimesoma na jirani, hatuoni nilipokosea. Hebu nieleze, mimi nimekosea wapi?"

Wenzake wa kikundi, akina mama kumi na wanne, wameunakili ukurasa huo kwa mkono. Walikuwa wamepanga kukausha mbegu zao Jumamosi hii, zamu kwa zamu kwenye kabati la shangazi. Walikuwa wanamsubiri yeye tu, na yeye alikuwa ananisubiri mimi nipokee simu.

Nilimwambia waache, wasikaushe hata punje. Akauliza kwa nini. Nilikuwa na maneno mengi, Ndugu Mhariri, umeyaona humu yalivyo mengi, lakini sikupata hata moja. Nikasema, "Shangazi, niliyekosea ni mimi." Akashusha pumzi. "Ah, basi afadhali," akasema. "Nilidhani ni macho yangu." Halafu akaniuliza jambo lililonikata maini: "Sasa si uandike tena uwaambie? Karatasi si bado zipo?"

Karatasi zipo. Kwa hiyo naomba uyapuuze malalamiko yote sita na maombi yote matano, hasa lile la Idara ya Falsafa. Chapisha sahihisho mara moja, usisubiri Jumatano wala nini. Liwe ukurasa wa kwanza, na mwandishi wake awe Mama Vipimo, kwa jina lake kamili, ambalo leo ndiyo mara ya kwanza nimemwuliza. Makala nimeiondoa mwenyewe kwenye fomu ya Kamati. Zimebaki mara tisa, sawa sawa na za Mzee wa Ukungu. Nilipomwambia, alinisogezea kikombe na penseli. Mke wangu bado sijamwambia habari za mapazia, nadhani amekwisha kuelewa.

Nakala ya shangazi usiitume kwa posta. Nitaipeleka mwenyewe Jumamosi asubuhi, pamoja na debe la mbegu kutoka kwa Mzee wa Ukungu, zilizoanikwa juani kwenye turubai. Ila sahihisho lenyewe naomba lichapwe kwa herufi kubwa kidogo. Msomaji wangu anavaa miwani.